Nywele, Jino na Vinundu Vyeupe: Kisa cha Ovari Kutoka Bonde la Sabaki

Mgonjwa alikuwa mwanamke wa miaka 31, mama wa watoto watatu, mkulima wa bonde la Mto Sabaki, upande wa bara ya Malindi. Yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza. Ya tumboni mwake nimeyaacha. Nakiandika kisa hiki kwa wenzangu wa maabara na wa wodi za wanawake, na kwa yeyote aliyewahi kupewa karatasi ya majibu ya patholojia akaikodolea macho asijue imesema heri au shari.

Msimamo wangu nautoa mapema: ovari ya mwanamke wa Pwani haifai kusomwa kabla hatujajua mwenyewe anaishi wapi na maji anayatoa wapi. Katika kisa hiki vilikuwamo vitu viwili ndani ya tumbo moja, na kile kilichozungumzwa na kila mtu ndicho kilichokuwa hakina neno.

Kwa miezi kadhaa mama huyu alikuwa akisikia uzito chini ya kitovu upande wa kushoto, na maumivu ya kuja na kuondoka. Hedhi ilifika kwa wakati wake. Majirani walianza kumuuliza mimba ina miezi mingapi, naye akawa hajibu. Alishapimwa mkojo na mimba haikuwapo. Zahanati ya karibu ilimpa mara mbili dawa za maambukizi ya kizazi, akapata nafuu ya siku chache kisha hali ikarudi ile ile. Alipoteremka Malindi, altrasaundi ilionyesha uvimbe wa sentimita 9 kwenye ovari ya kushoto, sehemu yake majimaji na sehemu ngumu, na ndani mna kitu kinachong'aa na kuacha kivuli nyuma yake. Nyuma ya kizazi palikuwa na maji kidogo. Kipimo cha damu cha CA-125 kilitoka 214, na kikomo cha kawaida ni 35.

Hiyo namba ndiyo iliyowatia watu baridi. CA-125 ni protini inayomwagwa kwenye damu pindi utando unaofunika viungo vya tumbo unapochokozwa. Saratani ya ovari huuchokoza, tena sana. Lakini na endometriosi, yaani tishu ya ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi, huuchokoza, na kifua kikuu cha tumbo, na usaha wa mirija ya uzazi, na mimba changa, hata hedhi yenyewe kwa baadhi ya wanawake. Kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, namba kubwa ina uzito wake. Kwa mwanamke wa miaka 31 inasema tu kwamba kuna kitu tumboni kinausumbua utando. Haisemi ni kitu gani.

Tumbo lilipofunguliwa, daktari wa upasuaji aliikuta ovari ya kushoto imevimba, ganda lake laini, zima, halijapasuka popote. Ovari ya kulia ilikuwa ya kawaida kwa macho. Angeishia hapo, kisa hiki kisingeandikwa. Lakini mgongoni mwa kizazi, kwenye mrija wa kushoto, kwenye utando wa nyonga na juu ya omentamu, lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, kulikuwa kumetapakaa vinundu vyeupe, vigumu, vikubwa vyake havizidi punje ya mtama. Uvimbe wa ovari, vinundu kila mahali, CA-125 iko juu: hesabu hiyo kila aliyesoma udaktari anajua inakopeleka. Kwa kanuni za FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, saratani ya ovari iliyovuka nyonga ikakaa juu ya utando wa tumbo huhesabiwa kuwa hatua ya tatu.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuondoa kila kitu siku hiyo hiyo: kizazi, ovari zote mbili, mirija na omentamu. Ya pili, kuondoa ovari iliyovimba pamoja na mrija wake, kukata vinundu vichache kutoka sehemu mbalimbali, kuchukua maji ya tumboni, kufunga na kusubiri. Katika hospitali kubwa daktari hupata njia ya tatu: kipande hugandishwa kwa baridi kali, hukatwa na kutazamwa papo hapo, na jibu hurudi thieta katika muda wa nusu saa hivi. Pale hapakuwa na huduma hiyo. Daktari alichagua kusubiri, na nampa heko, kwa sababu mkono unaotaka kumaliza kazi ni mzito kuuzuia mgonjwa akiwa amelala wazi mbele yako. Uvimbe wenye ganda zima, ovari ya pili salama, umri wa miaka 31: hayo matatu yalitosha kumpa mtu shaka, na akaifuata shaka yake.

Kabla ya kuitia ovari kwenye formalini, aliipasua kidogo ili dawa iingie hadi ndani. Ndivyo inavyotakiwa kwa kitu kikubwa, la sivyo kitaoza katikati huku nje kinaonekana kimehifadhiwa. Ndani mkatoka mafuta mazito ya manjano, fundo la nywele nyeusi, na ukutani jino. Jino hasa, lina taji na mzizi.

Thieta nyingi za kwetu zina desturi ya kuwaonyesha ndugu kilichotolewa. Shangazi wa mgonjwa alitazama mara moja tu.

"Sista, hili si la Mungu. Huu ni mkono wa mtu."

"Shangazi, haya sisi tunayaona. Hata mtoto mchanga huzaliwa nayo."

"Mtoto mchanga ana meno gani?"

Jioni haijaingia, habari zilikuwa zimeshafika kijijini kwamba fulani ametolewa kiumbe chenye meno. Mumewe alimvuta daktari pembeni akamuuliza kama ile ni mimba, na kama ni mimba, ni ya nani. Swali hilo linastahili jibu lililonyooka, kwa kuwa ndoa huvunjika juu yake. Uvimbe huu huitwa teratoma iliyokomaa, au dermoidi kwa jina la zamani. Unaanza kwenye seli ya yai la mwanamke mwenyewe, ambayo inaanza kujigawa ikiwa ndani ya ovari bila kukutana na mbegu ya mwanamume. Kwa kuwa seli ya yai ina uwezo wa kuzaa kila aina ya tishu, hutoa ngozi, na ngozi hutoa nywele na mafuta. Hutoa gegedu, mfupa, jino, vipande vya ubongo. Uchunguzi wa vinasaba ulikwisha onyesha tangu miaka ya 1970 kwamba kromosomu zake zote zimetoka kwa mwenye ovari. Baba hayumo. Huonekana kwa wasichana wasiojua mwanamume na kwa vikongwe, na ndio uvimbe wa kawaida kuliko wote miongoni mwa ule unaotokana na seli za mayai.

Chupa zilifika maabara na fomu yenye mstari mmoja: "Uvimbe wa ovari ya kushoto, ?saratani." Umri upo, jinsia ipo. Anakoishi hapakuandikwa.

Kazi ya kukata

Watu hudhani patholojia ni hadubini. Nusu ya jibu hupatikana mezani, kwa kisu na rula. Ovari ilipima sentimita 9 kwa 8 kwa 6. Nje, ganda la kijivu lisilo na kinundu. Ndani, baada ya kuosha mafuta na nywele, ukuta ulikuwa mwembamba isipokuwa sehemu moja iliyoinuka, ambayo ndiyo iliyobeba jino. Sehemu hiyo ina jina la Karl Rokitansky, mwanapatholojia wa Vienna wa karne ya 19, na hapo ndipo tishu za kila aina hukusanyika. Anayekata vipande vya ukuta mwembamba peke yake ataona ngozi tu, ataandika "dermoidi" na kwenda zake. Huenda akawa amekiacha mezani kile kilicho muhimu. Tulichukua vipande vingi kutoka kwenye sehemu iliyoinuka na kila palipoonekana pagumu au pana rangi ya ubongo. Jino na mfupa vililainishwa kwanza kwa asidi, maana kisu cha mashine hakikati mfupa. Mrija tuliukata wote, pamoja na vidole vya ncha yake. Vinundu vyote viliingia kwenye nta, hakikubaki hata kimoja chupani.

Baada ya hapo vipande hukatwa vyembamba sana, kama mikromita 4, na kutiwa rangi mbili za kila siku: hematoksilini inayotoa zambarau kwenye viini vya seli, na eosini inayotoa waridi kwenye kilichobaki.

Slaidi za ovari hazikuleta ubishi. Ngozi yenye tabaka zake, vinyweleo, tezi za mafuta na za jasho. Gegedu. Utando wa njia ya hewa wenye vinyweleo vidogo juu yake. Kipande kidogo cha tezi ya thiroidi. Kingekuwa zaidi ya nusu ya uvimbe, ungepewa jina jingine, struma ya ovari. Tishu ya ubongo, iliyotulia, yenye seli zilizokomaa.

Kwenye teratoma kuna maswali mawili ambayo lazima yajibiwe. Kwanza, je, ipo tishu changa, hasa ya neva? Hiyo huonekana kuwa seli ndogo, nyeusi, zilizosongamana, zikijipanga kuzunguka vijishimo, na seli zinazogawanyika ni nyingi. Ikiwapo, uvimbe unahama jina na kuwa teratoma isiyokomaa, ambayo ni saratani, na daraja lake hupangwa kwa wingi wa tishu hiyo kwenye slaidi. Pili, je, ndani ya uvimbe huu salama kumeota saratani? Hutokea mara chache, zaidi kwa wanawake waliovuka miaka 45, na mara nyingi huanzia kwenye ngozi. Majibu yote mawili yalikuwa hapana.

Basi nywele na jino vilivyotikisa kijiji kizima vilikuwa uvimbe salama, umeshatolewa, umekwisha. Kilichobaki ni vinundu.

Vinundu

Teratoma yenye vinundu kwenye utando wa tumbo huleta mawazo kadhaa, na nilianza na yale yanayoihusu. Wakati mwingine chembe za tishu ya ubongo hukutwa zimepandwa tumboni, hali iitwayo gliomatosi. Zikiwa zimekomaa zote, mgonjwa huendelea vizuri. Zikiwa changa, mambo ni mengine. Wakati mwingine dermoidi huvuja, na mwili hupambana na mafuta na nywele kwa kujenga vinundu vya granuloma, yaani mafundo ya seli za kinga. Hili la pili ganda zima lilikuwa limeshaliondoa karibu lote, lakini hadubini haichukui ahadi ya macho.

Slaidi ya kwanza ya vinundu haikuwa na ubongo wala nywele wala mafuta. Kulikuwa na nyuzi za kovu zilizojipanga mizunguko mizunguko, seli chache za kinga ziitwazo limfosaiti, na katikati vitu vidogo vya zambarau iliyokolea, vilivyojaa chokaa. Kijana mmoja anayejifunza kazi alikaa kwenye hadubini ya pili akasema mara moja, "Vijiwe vya samoma." Jibu lake halikuwa la kijinga. Hapo ndipo penye uzito wa kisa chote, na hapo ndipo nataka tukae.

Kijiwe cha samoma ni chembe ya chokaa inayojengeka tabaka juu ya tabaka. Huonekana katika uvimbe wa aina ya serosi, ambao ni kundi kubwa la uvimbe wa ovari unaotokana na epitheliamu, yaani seli zinazofunika uso wa viungo. Saratani ya serosi ya daraja la chini huwa navyo vingi sana. Uvimbe wa serosi wa mpakani, ule usioweza kuitwa salama wala saratani kamili, hutapanya vipando kwenye utando wa tumbo, navyo hubeba vijiwe hivyo. Ukiona chokaa ya duara kwenye kinundu cha utando wa tumbo la mwanamke mwenye uvimbe wa ovari, mkono unakwenda wenyewe kuandika neno serosi.

Lakini kijiwe cha samoma ni cha duara na ndani kina miviringo inayofuatana, mmoja ndani ya mwingine. Hivi vyetu vilikuwa vya mviringo uliovutwa, vya urefu, vingine vimebonyea upande mmoja. Miviringo ya ndani haikuwapo. Pembeni palikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, yaani ganda. Na hakukuwa na epitheliamu hata chembe moja iliyovizunguka. Saratani ya serosi bila seli za serosi haipo. Kwenye slaidi lazima mshukiwa aonekane.

Nikaomba vinundu vile vile vikatwe tena, kwa kushuka ndani zaidi ya nta, ngazi baada ya ngazi. Hiki ni kitu cha bei ndogo na husahaulika kila siku. Kwenye ngazi za chini rangi ilibadilika: eosinofili, seli za kinga zinazokusanyika penye minyoo, zilijaa, zimesimama na chembe zao nyekundu, pamoja na seli kubwa zenye viini vingi zilizokumbatia magamba matupu. Na mahali pamoja, kisu kilikuwa kimepita sawasawa katikati ya yai zima. Ndani yake vilionekana viini vidogo vya kiluwiluwi. Ncha moja butu, na ncha ya pili ina mwiba.

Mwiba wa nchani ni alama ya Schistosoma haematobium, mnyoo wa kichocho cha mkojo, ambaye Theodor Bilharz alimgundua mjini Cairo mwaka 1851. Mwiba ukikaa ubavuni, mnyoo ni mwingine, S. mansoni, wa kichocho cha utumbo. Yai zima la haematobium hufika mikromita 110 hadi 170 kwa urefu, lakini kwenye tishu mara nyingi kisu hulikata vipande, na mwiba huangukia nje ya slaidi. Ndiyo maana anayekata mara moja tu anaweza kukutana na magamba mia asione mwiba hata mmoja.

Tuliporudi kwenye mrija wa kushoto, mayai yalikuwamo ukutani. Kwenye ganda la ovari, nje ya teratoma, yalikuwamo pia, machache, ya zamani. Rangi ya kutafuta bakteria wa kifua kikuu haikuonyesha kitu. Rangi hiyo peke yake haiondoi kifua kikuu, lakini granuloma hizi zilikuwa na sababu inayoonekana kwa macho, na nyama iliyokufa katikati haikuwapo.

Nikampigia afisa wa kliniki aliyempokea mgonjwa.

"Huyu mama maji anayatoa wapi?"

"Mtoni, daktari. Na shamba lake liko ukingoni."

"Amewahi kukojoa damu?"

Alikwenda kumuuliza, akanirudia. Mama alisema utotoni walikojoa damu wote, yeye na wenzake, na wakubwa waliwaambia ni kukua.

Minyoo ya kichocho huingilia ngozini mtu akiwa majini. Konokono wa jamii ya Bulinus, wa maji baridi, huachia viluwiluwi, navyo hupenya ngozi kwa dakika chache. Wakikomaa, minyoo hukaa wawili wawili kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, jike akitaga kila siku. Mayai mengine hutoboa ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo. Mengine hukwama. Mishipa ya kibofu imeungana na ya kizazi, ya mirija na ya ovari, kwa hiyo yai likichukuliwa njia isiyo yake linaweza kuishia popote nyongani. Mwili hulizungushia eosinofili, kisha granuloma, kisha kovu, mwisho chokaa. Kila kinundu cheupe alichokiona daktari wa upasuaji kilikuwa kaburi la mayai. CA-125 iliyopanda ilikuwa ni kilio cha utando uliochokozwa na makaburi hayo.

Nilichokitafuta nisikione

Kupata mayai hakumpi mtu ruhusa ya kuacha kutafuta. Disjeminoma, saratani ya seli za mayai inayowapata hasa wasichana na wanawake vijana, huja na limfosaiti na mara nyingine granuloma zake yenyewe. Msomaji mvivu huona granuloma, akaandika kifua kikuu, na seli kubwa zenye sitoplazimu nyeupe zikampita. Kwa hiyo nilirudi slaidi zote kwa utaratibu.

Uvimbe wa ovari hufuata asili ya seli. Zile za epitheliamu huzaa serosi, musini, endometrioidi, seli angavu na Brenner. Saratani ya serosi ya daraja la juu, iliyo mbaya na ya kawaida kuliko zote, siku hizi inajulikana kwamba mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija na si kwenye ovari yenyewe. Ndiyo sababu mrija ulikatwa wote. Ulikuwa safi, ukiacha mayai. Seli za mayai huzaa teratoma, disjeminoma, na uvimbe wa kifuko cha kiini cha yai, ambao hupandisha protini iitwayo AFP kwenye damu. Seli zinazolea yai na nyuzi za ovari huzaa fibroma, thekoma, na uvimbe wa granulosa, ule wenye viini vilivyo na mfuo katikati na unaoweza kurudi miaka mingi baada ya upasuaji. Hakuna hata kimoja.

Kisha wageni. Saratani ya tumbo la chakula hupenda kushuka kwenye ovari zote mbili, na seli zake hujaza kamasi hadi kiini kikasukumwa ukingoni. Jina lake limebaki la Friedrich Krukenberg, aliyeueleza uvimbe huo mwaka 1896 akidhani umeanzia kwenye ovari yenyewe. Kwa watoto wa maeneo yetu ya malaria, limfoma ya Burkitt nayo huvimbisha ovari zote mbili. Ya mgonjwa wetu ilikuwa moja, na seli hizo hazikuwapo. Maji ya tumboni yalikuwa na eosinofili na seli za utando, basi.

Vinundu vya endometriosi vilistahili kutazamwa pia, maana navyo huinua CA-125 na hukaa mahali pale pale mgongoni mwa kizazi. Vina tezi, vina nyuzi zake, na makrofaji, seli zinazomeza taka, zilizobeba kutu ya damu ya zamani. Havikuwapo.

Ripoti ikaandikwa hivi: teratoma ya ovari ya kushoto, imekomaa, ganda zima, hakuna tishu changa wala saratani, kichocho cha ovari, mrija na utando wa tumbo, mayai ya S. haematobium, mengine yenye kiluwiluwi ndani. Hakuna saratani kwenye kipande chochote kilichotumwa. Maneno "yenye kiluwiluwi ndani" niliyaweka makusudi. Yai lililojaa chokaa ni habari ya miaka iliyopita. Yai lenye kiluwiluwi linaonyesha kwamba minyoo ilikuwa bado inataga si zamani, na mgonjwa anahitaji dawa sasa.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa dozi moja, na huweza kurudiwa baada ya wiki kadhaa. Huua minyoo mikubwa. Haiyeyushi mayai yaliyokwama wala makovu, kwa hiyo mama huyu akifunguliwa tumbo tena kwa sababu nyingine, vinundu vitakuwa bado vipo. Tuliomba jambo hili liandikwe kwenye daftari lake kwa wino, ili daktari wa kesho asikimbilie kisu.

Mkojo wake wa kwanza haukuonyesha yai. Uliletwa alfajiri. Mayai ya haematobium hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na ulioletwa saa sita, baada ya kutembezwa kidogo, ulikuwa nayo. Watoto wake walipimwa, na wawili walikuwa na damu kwenye mkojo. Mpango wa dawa za minyoo shuleni unawalenga watoto, na hawa sasa wamepata. Mama zao wameshatoka shule zamani, na bado wanasimama mtoni kila siku wakifua, wakichota na kumwagilia. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja makadirio ya wanawake na wasichana milioni 56 wenye kichocho cha viungo vya uzazi katika Afrika kusini mwa Sahara. Wengi wao hutibiwa maambukizi ya zinaa wasiyokuwa nayo, na hapo ndoa nyingine huingia matatani.

Kwa mume, daktari alieleza mambo mawili kwa pamoja, na nilifurahi kusikia alivyoyapanga: jino halina baba, na kichocho hakiletwi na mwanamume wala mwanamke, kinaletwa na maji. Shangazi alikubali la maji. La jino alisema atalifikiria.

Baada ya miezi mitatu CA-125 ilishuka hadi 48. Bado iko juu kidogo, na kwa makovu yale sikutarajia iguse chini upesi. Ovari ya kulia itatazamwa kwa altrasaundi, kwa kuwa dermoidi hukaa pande zote mbili kwa zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila kumi, na ya pili huweza kujitokeza baadaye. Mrija wa kulia hatujui umebeba nini. Akitaka mtoto wa nne, aanze kliniki mapema, maana mrija wenye kovu huweza kuishikilia mimba njiani. Shingo ya kizazi haijakaguliwa kwa spekulamu kutafuta mabaka ya rangi ya mchanga ambayo kichocho huyaacha pale. Aliahidiwa tarehe mbili, mara ya kwanza mvua ikakata njia, mara ya pili alikuwa kwenye mavuno. Ya tatu imeandikwa.